Mgeni wa Ukutani

Msiniulize mji ule ulikuwa wapi. Ulikuwa mahali ambapo saa sita ya mchana ilikaa juu ya mapaa mpaka ichoke yenyewe, na Ijumaa ikitaka kurudi ilirudi tu, hata kama watu walikwisha kuvua kanzu zao wakazifua. Mtu aliweza kuikumbuka arusi yake kabla hajaposwa. Aliweza kumzika babu asubuhi na kula naye jioni, na hakuna aliyetoa macho. Kitu kimoja tu hakikuyumba katika mji ule: nyigu akiingia nyumbani kwako akaanza kujenga, hatolewi. Hapo hapakuwa na jana wala kesho, wala ubishi.

Na nyumbani kwa Kazija, ni Kazija mwenyewe aliyemwitia nyigu watu. Nalisema mapema ili msije mkamlilia bure. Nyigu alipoingia kwa dirisha la jikoni, mweusi, kiuno chembamba, miguu inaning'inia, alizunguka nyumba nzima kama mpangaji anayekagua, kisha akatua ukutani sebuleni, juu ya cherehani ya mumewe na kubandika donge la kwanza la udongo. Kazija alikuwa na kanga mkononi. Pigo moja tu, jamani, na leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini aliitupa kanga begani akatoka mbio mpaka barabarani, anapiga vigelegele.

"Njooni! Njooni muone! Na sisi tumepata mgeni!"

Mnamshangaa? Mimi simshangai, mimi ninamkasirikia. Nyumba yake haikuwahi kupongezwa kwa lolote. Wenzake walikuwa na nyigu tangu enzi za bibi zao, na kila alipopita madirishani mwao alisikia ile minong'ono ya watu wenye mgeni ndani, watu wasioinua sauti, kisha akarudi kwake kwenye kelele za cherehani na kicheko cha mtoto akaona haya. Alitaka naye aheshimiwe. Kutaka huko ndiko kulikomwingiza mdudu. Dirisha lilisingiziwa tu.

Watu wakaja. Wa kwanza alikuwa Bi Mize wa nyumba ya jirani, ambaye kazi yake katika mji ule ilikuwa kutandika. Kila kiota kilipoanza, Bi Mize alitandika chini yake kitambaa cheupe, ili udongo unaodondoka usiguse sakafu, na udongo ule ulikusanywa ukakorogwa katika maji wakanywa wagonjwa na wenye haja zao. Alitandika, akakilainisha kitambaa kwa viganja, kisha akamgeukia Shaame, mumewe Kazija, fundi wa kushona kanzu, aliyekuwa amesimama na futi yake ya kupimia shingoni hajui acheke au anune.

"Hongera, baba. Kuanzia sasa cherehani inyamaze. Mgeni hapendi kelele."

"Na kazi yangu je, Bi Mize?"

"Kazi yako ni huyu."

Shaame alicheka kidogo. Alikuwa mtu wa mzaha, Shaame, mtu wa kumwambia mteja mnene kwamba kitambaa chake kingetosha tanga. Akaivua futi shingoni akaikunja, na hapo hapo nyigu akashuka akamdunga kisogoni. Watu wakashangilia kwa sauti ya chini, "Amempenda! Amempenda!"

Tangu siku hiyo Shaame hakusimama. Si kwamba aliugua. Alikaa. Alikaa kwenye mkeka chini ya kiota, mgongo ukutani, akila alichopewa na kuitikia alichoambiwa, akinenepa kidogo kila Ijumaa iliporudi, ngozi inang'aa, uso umetulia. Mzaha ulimwisha. Ukimuuliza anaumwa wapi, anakwambia haumwi. Kazija aliuchukia utulivu ule kuliko alivyowahi kuchukia ugomvi wowote katika ndoa yao.

Walikuwa na mtoto mmoja, Raya, wa umri ule wa kuuliza kila kitu. Alimuuliza nyigu jina lake nani. Alimwimbia. Akamnyooshea kidole, nyigu akamdunga kwenye kifundo cha mkono. Kazija alidhani mtoto atalia kisha atanyamaza, kama watoto wote. Raya hakulia. Uso ulimvimba mpaka macho yakapotea, midomo ikageuka rangi, na kooni ikatoka sauti nyembamba, ya hewa inayotafuta pa kupita. Kazija alimbeba mbio mpaka zahanati, kanga imemvuka njiani na hakujua. Tabibu akamdunga mtoto sindano, akakaa naye akimshika kifua mpaka pumzi ikarudi, kisha akamvuta mama pembeni.

"Mama, damu ya huyu na sumu ya nyigu haziivi. Safari hii tumemwahi. Akidungwa tena, usihangaike kumleta. Hatafika."

Maneno hayo aliyasema jana, au mwaka jana, au atayasema kesho kutwa. Katika mji ule ukiweka tarehe haikai. Lakini maneno yenyewe yalikaa. Kazija alirudi nayo nyumbani, akalala nayo, akapika nayo.

"Baba Raya," alisema, amechuchumaa mbele ya mkeka, "tumtoe."

"Tumtoe nani?"

"Usinifanye mtoto. Tumtoe huyo mdudu."

"Sisi hatumtoi mtu."

"Sisi nani? Mimi nataka, mtoto hana kauli. Hao sisi wako ni akina nani?"

Shaame aliinua macho kukiangalia kiota, taratibu, namna mke anavyomwangalia mume kabla ya kujibu mbele ya wageni. Kisha akamwomba chai. Kazija aliinuka akamtengenezea chai. Aliitia sukari, akaikoroga, akampa. Mkono wake ulifanya yote hayo wenyewe huku yeye amesimama kando akiutukana.

Akamchukua Raya mgongoni akaenda kutafuta nyumba isiyo na kiota. Alibisha hodi mlango kwa mlango. Kila alipofunguliwa, kabla hata ya salamu, jicho lake lilitafuta kitambaa cheupe, na kila mahali kitambaa kilikuwapo. Mahali pengine kilikuwa kimechakaa kwa ukongwe. Mahali pengine vitambaa vilikuwa vingi hata wenye nyumba walipita kwa ubavu, wamebana mikono wasije wakagusa ukuta, na bado walimkaribisha kwa tabasamu wakamwambia kwao ni raha tupu. Mwanamume mmoja alimtazama Raya vizuri akauliza, "Huyu ndiye yule aliyemuudhi mgeni?" akafunga mlango. Vichochoro vilikuwa vinapinda vinarudi palepale, na mwisho wa kila kimoja Kazija aliuona mlango wake mwenyewe, uko wazi.

Basi akaanza kufikiri, na kufikiri katika mji ule lilikuwa jambo la kufanyia jikoni, sufuria zikigongana. Nyumba ni nini? Nyumba ni hapana. Aliyeweka ukuta wa kwanza duniani aliuambia upepo hapana, akaiambia mvua hapana, akamwambia fisi hapana, kisha akaacha mahali padogo pa kusemea ndiyo, akapaita mlango. Sasa mimi nimesema ndiyo kwa chenye mwiba, nikampa ukuta, nikampa cherehani, nikampa mume. Kilichobaki ni nini? Udongo umesimama wima. Na mimi ndani yake ninanong'ona. Kwa nini ninanong'ona? Nani amenikataza? Hakuna aliyenikataza. Nyigu hajawahi kusema neno hata moja. Sisi ndio tunaomsemea. Bi Mize anamsemea, Shaame anamsemea, na mimi nilimsemea barabarani kwa vigelegele. Kadudu kasikozidi kidole changu. Kana ubongo gani kale? Hakajui hata kama tunakaogopa. Au kanajua? Nyamaza, Kazija, sufuria zinalia. Ala! Tazama, nimejinyamazisha tena.

Alipiga sufuria chini kwa makusudi. Kule sebuleni Shaame akasema "shhh," na ile sauti ikaendelea kutetema baada ya mdomo wake kufunga, mpaka Kazija akachungulia aone ni nani kati ya wale wawili aliyeitoa.

Kisha nyigu akajenga kiota cha pili. Ilikuwa mchana, jua la utosi, jua lile lisilotaka kuondoka. Kazija aliingia chumbani kumpelekea Raya uji, akamkuta mtoto amelala chali, macho wazi, hapumui kwa nguvu, anatazama juu. Kwenye dari, juu kabisa ya mto wake, donge bichi la udongo lilikuwa linang'aa maji, na nyigu alikuwa analizunguka.

"Mama," Raya alisema bila kusogeza midomo, "nisitikisike, eti?"

Bi Mize alikuwa amekwisha kuingia, kitambaa kipya kwapani, na nyuma yake watu wa mtaa wamejazana mlangoni na sinia la kahawa. Alikitandika kitambaa juu ya kitanda, juu ya miguu ya mtoto, juu ya tumbo, akakivuta mpaka kidevuni.

"Hongera, mwanangu. Cha pili! Si kila nyumba. Kitanda hiki sasa hakisogezwi, na aliyelala hapa halali pengine."

"Bi Mize, shikamoo," Kazija alisema, maana alilelewa akaleleka, na bado alitaka kuomba kwa adabu. "Unajua habari ya huyu mtoto. Akidungwa tena atakufa."

"Marahaba. Nani ambaye hatakufa?"

"Nakwambia mtoto wangu atakufa! Leo! Juu ya kitanda hiki!"

"Punguza sauti," Bi Mize alisema, naye hakukasirika hata kidogo; alimgusa shavu kwa upendo kabisa. "Mtoto utazaa mwingine. Mgeni wa cha pili utampata wapi?"

Na wale waliokuwa mlangoni wakainamisha vichwa kukubali. Watu wazima! Watu wenye watoto wao! Kazija aliwatazama mmoja mmoja, akaona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa mkatili. Wangekuwa wakatili angeweza kuwaangukia miguuni. Walikuwa wametulia tu, ngozi zinang'aa, na kila mmoja kisogoni alikuwa na alama ndogo nyeusi ambayo hakuwahi kuiona, kwa sababu hakuwahi kumtazama mtu kwa nyuma kwa chuki.

Damu ilimchemka. Aliwapita akaenda sebuleni, akavuta mtoto wa meza ya cherehani akatoa mkasi wa Shaame, ule mzito wa chuma wa kukatia makoti. Shaame alimwona kutoka mkekani.

"Mama Raya. Ukimgusa, mimi si mumeo."

"Ulikwisha kuacha zamani, nilikuwa nakupikia tu."

Akakibingirisha kinu mpaka chumbani, akakipindua, akapanda. Bi Mize akamshika upindo wa kanga, Kazija akauacha upindo mkononi mwake akabaki na gauni. Kwanza alimwambia Raya, kwa sauti yake kamili, sauti ya barabarani, ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia tangu vigelegele, "Jifunike kichwa, usitoke mpaka nikwambie!" Watu wakaziba masikio. Akainua mkasi akapiga.

Donge bichi lilibanduka likaanguka. Nyigu akaruka, akazunguka mara moja, na hakumwendea Kazija. Alishuka moja kwa moja kwenye kitambaa cheupe, pale ambapo kichwa cha mtoto kilikuwa kimeinua kilima kidogo, akaanza kutembea kutafuta upenyo. Kazija alitupa mkasi. Hapakuwa na wakati wa kutafuta kiatu wala ufagio. Alijirusha kutoka kwenye kinu akamdaka kwa mkono mtupu, akafumba.

Nyigu alimdunga kiganjani. Alimdunga kati ya vidole, akamdunga chini ya kucha, akarudi kiganjani. Maumivu yalipanda mpaka begani na Kazija alipiga kelele, matusi mazito ambayo mama yake angemfinya kwayo, lakini ngumi haikufunguka. Aliibana. Aliibana akihisi kile kiuno chembamba kikihangaika, mabawa yakipapatika, kisha kikikatika. Aliendelea kubana hata baada ya kutulia, kwa sababu alikuwa anapata raha.

Alikwenda sebuleni na mkono wake unavimba, akakishusha na kile kiota cha kwanza kwa mguu wa kiti. Kilipasuka juu ya kitambaa cheupe miguuni mwa Shaame, na vilivyokuwa ndani vikamwagika. Walikuwa viwavi, wa kijani, wanono, wanang'aa. Kazija alidhani wamekufa. Alimgusa mmoja kwa ncha ya kidole, yule kiwavi akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayeitikia akiwa usingizini. Walikuwa hai wote. Nyigu alikuwa amewadunga kiasi cha kutokwenda popote na kutooza, akawapanga vizuri, akawafungia na yai lake waje waliwe wabichi. Mmoja alikuwa ameliwa nusu na bado alikuwa anapumua.

Kazija aliwatazama, kisha akamtazama mumewe: shavu nono, ngozi inayong'aa, utulivu ule.

"Shaame!" Alikuwa hajamwita kwa jina tangu wazae. "Simama. Simama twende, nakuomba, huoni? Huoni ulivyokuwa?"

Alimvuta kwa mkono mzima. Miguu ya Shaame ilikuwa mizima, haikuwa na kasoro yoyote, aliikunja mwenyewe ili asiinuliwe. Machozi yalikuwa yanamtoka, machozi mengi, na hata mara moja hakuuangalia ule mkono wa mkewe uliokuwa umevimba ukawa si mkono tena.

"Umemuua mgeni wangu," alisema. "Nitakuwa nani sasa?"

"Utakuwa fundi! Utakuwa baba wa mtu!"

Shaame alitikisa kichwa. Akaokota kipande cha udongo, akakitemea mate, akakifinyanga kwa vidole vyake vya ufundi, vile vilivyojua kupiga ukosi usionyeshe mshono. Akakibandika ukutani palepale. Akaongeza kingine. Alipopata kishimo, aliokota kiwavi kwa uangalifu, akamlaza ndani, akaanza kuziba. Kazi ilikuwa safi. Kazija alisimama pale mpaka akahakikisha kwamba hafanyi mzaha.

Akarudi chumbani akamfunua mtoto, akampandisha kiunoni upande wa mkono mzima, akatoka.

Nje watu walikuwa wamejipanga. Kazija alikaza taya akingoja mawe, akingoja kupewa visogo, akingoja lolote la watu waliochukia. Lakini walikuwa wanautazama ule mkono. Ulikuwa mweusi, umejaa, unang'aa, anautanguliza mbele kwa sababu hakuweza kuukunja. Waliokuwa karibu wakarudi nyuma. Waliokuwa wakizungumza wakaanza kunong'ona. Na Bi Mize, yule yule, alichomoa kwapani kitambaa kingine, safi, akapiga magoti na kukitandika barabarani mbele ya miguu ya Kazija, akakilainisha kwa viganja.

"Kwangu, mama," alinong'ona, kichwa chini. "Ukuta wangu wa mashariki haupigwi jua. Utapenda."

Kazija alisimama. Semeni mnachotaka, mimi najua alitamani. Aliyatazama yale mabega yaliyoinama, ile alama nyeusi ya kisogoni iliyoelekezwa kwake, na mkono ukamwasha. Angemlipizia yule bibi kila neno. Angempa chumba Raya, na uji wa maziwa, na hakuna ambaye angethubutu kumgusa mtoto huyo katika mji mzima. Alikuwa amekwisha kuinua mguu. Kisha Raya, aliyekuwa ameegemeza kichwa shingoni mwake, akajiondoa taratibu akakitazama kile kitambaa, akatazama ule mkono, akaacha kusogea kabisa, akaacha hata kupepesa macho, kama alivyokuwa pale kitandani.

Kazija alishusha mguu vumbini, pembeni ya kitambaa.

"Inuka, Bi Mize," alisema. "Unanichefua."

Akakata katikati ya watu, nao wakampisha. Hakukuwa na nyumba yoyote mbele aliyokuwa anaiendea. Alipita kichochoro cha kwanza, akapita cha pili, na safari hii hakutafuta mlango, kwa hiyo njia haikuwa na pa kumrudisha. Majumba yakapungua. Jua likaanza kusogea kidogo. Mkono ulimuuma mpaka akaona kizunguzungu, na aliendelea kuwatukana wote kwa majina yao, kwa sauti, bila haraka.

"Mama," Raya alisema baadaye, "unawachukia?"

"Ndiyo."

"Na baba?"

"Baba kwanza."

Mtoto alifikiri. Waliipita miti, wakapita uwanda, na kifua kidogo kilikuwa kinapanda na kushuka ubavuni mwa mama yake.

"Na mimi niwachukie?"

"Wewe pumua," Kazija alisema. "Pumua tu."